Mstari wa Njano Ndani ya Boksi

Saa nane mchana Ponsian, fundi saa wa Ilembo, alifunga dirisha la kibanda chake na kuwasha gongo kwenye kifuniko cha kopo. Mkewe Dafrosa alicheka.

"Wenzako wanainywa, Baba Suzana. Wewe unaichoma."

Ponsian alinyunyiza chumvi, moto ukawa wa njano, akainua boksi alilopewa na Bruda Apollinarie wa misheni ya Karema mwaka tisini na nne. Lilikuwa na ufa kati ya nyembe mbili, na ndani yake kioo cha pembe tatu cha kuchambua mwanga. Bruda alimweleza kwamba kila gesi ikiwaka hutoa mistari ya rangi zake yenyewe. Mvuke wa chumvi hutoa mmoja wa njano, mwembamba kama unywele.

Akamweleza na ya mbali. Katikati ya baadhi ya makundi makubwa ya nyota kuna kitu kizito ajabu, na gesi inayozama humo huwaka kuliko nyota zote za kundi lile. Mawingu ya gesi yaliyo kandokando hupigwa na mwanga huo, nayo huutoa upya kwa mistari yao. Yaliyo karibu na kitu hicho hukimbia mno, mengine yakija kwetu, mengine yakienda, hivyo mstari wao hutanuka. Yaliyo mbali huenda taratibu, na mstari wao hubaki mwembamba. Ponsian aliyapenda maneno hayo, lakini hakumsimulia mtu. Angeulizwa mtu wa darasa la saba ameyatoa wapi.

Alichungulia. Mstari ulikuwa mpana kama kidole, kingo zimeyeyuka. Alifuta kioo, akabadili jicho. Mpana vilevile. Mwezi mzima skrubu zilikuwa zikimpotea mezani, naye akilaumu lenzi yake ya kazini. Ila chumvi kwenye kifuniko haikimbii popote; mstari ukitanuka, kosa ni la kioo au la macho.

"Hebu angalia wewe. Mpana au mwembamba?"

Dafrosa alikaza jicho. "Mwembamba. Kama uzi."

"Angalia vizuri."

"Mwembamba, Baba Suzana. Kwani unatakiwa uweje?"

Alimwambia ndivyo unavyotakiwa, mwembamba.

Alipofungua dirisha, Nkwabi, mfugaji, alikuwa nje, amefuata saa yake. Ponsian alimrudishia bila kuifungua, akasema vipuri vyake havipatikani Mpanda, ajaribu Tabora. Nkwabi akasema hataki fundi mwingine, yeye atasubiri tu.

"Usisubiri," Ponsian alisema, akitazama chini.