Manyoya ya Mheshimiwa

Kuna watu Mungu amewapa kazi, na kuna watu Mungu amewapa mtihani. Dobi huyu alipewa vyote viwili katika nyumba moja: mbele duka la kufua na kupiga pasi, nyuma vyumba vya kuishi, na katikati, amejinyoosha mlangoni kama mlinzi aliyelala kazini, mbwa wa baba yake.

Mbwa mwenyewe aliitwa Mheshimiwa, kwa kuwa hakuwahi kumpisha mtu. Alikuwa mkubwa, mweupe, na kama aliyevaa makoti mawili: la juu manyoya marefu yanayoteleza, la chini sufi nzito iliyoshikamana. Msimu ukigeuka, lile koti la chini lilimtoka lote, mafungu kwa mafungu, likaenda lilikotaka. Lilikwenda kwenye sukari. Lilikwenda kwenye mswaki. Zaidi ya yote lilikwenda kwenye suruali nyeusi za wahudumu wa hoteli, na hizo ndizo zilizokuwa zikimweka Dobi mjini.

Asubuhi hiyo msimamizi wa hoteli alirudisha mzigo mzima. Hakufoka, angefoka ingekuwa nafuu. Aliinua suruali moja kwenye mwanga, akaitazama kwa masikitiko.

"Dada, hii ni suruali au ni blanketi?"

"Samahani sana, kaka. Narudia zote leo leo."

"Rudia. Lakini zikija tena hivi, tutatafuta dobi asiyefuga."

Dobi akaingia ndani amefura. Baba yake, kinyozi aliyefunga duka lake akisema miguu imemchosha, akahamia kwa binti baada ya kufiwa na mkewe, alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, mbwa miguuni, mikono ameificha kwapani.

"Baba, umemchana huyu mnyama?"

"Nimemchana."

"Lini?"

"Si juzi."

"Juzi! Siku hizi anatakiwa achanwe asubuhi na jioni! Umenyoa watu maisha yako yote, wapole na wakorofi, leo mbwa mmoja anakushinda? Najua kinyozi hajinyoi, lakini hata mbwa wake hamchani?"

Mzee akatazama pembeni. "Msimu utapita."

"Na hoteli itapita nao! Sasa sikiliza. Mchane mpaka chanuo litoke tupu. La sivyo kesho namwita kaka yangu aje amchukue, akakae naye shambani."

"Mbwa akienda, na mimi nakwenda."

"Baba, usinitishe."

"Sikutishi, mama. Nakuarifu."

Hapo maji yalizidi unga. Dobi alimwekea chanuo mapajani, akarudi dukani, akawa anaibamiza pasi kama iliyomtukania ukoo. Alijua mzee angeondoka kweli. Angerudi kwenye ile nyumba tupu, akae peke yake na huyo mbwa wake, ale akikumbuka kula. Dobi alimpenda baba yake, na kwa sababu hiyo hiyo hasira zilimkaba zaidi. Ukimtunza mtu kwa moyo wako wote, naye akashindwa hata kumchana mbwa kwa ajili yako, utafanyaje?

Alipoona unyoya mwingine umelala kwenye suruali aliyotoka kuinyoosha, alitoka tena uani kwenda kusema neno la mwisho. Akaishia mlangoni.

Mzee alikuwa ameshika chanuo. Mkono wake ulifika mgongoni mwa mbwa, ukaanza kutetemeka, chanuo likaanguka. Akaliokota, likaanguka tena. Akalishika kwa mikono yote miwili, akalisukuma, meno yakamkwaruza mbwa ngozi, mnyama akalia kwa uchungu. Mzee akaliweka chini mwenyewe. "Samahani, rafiki yangu. Samahani." Kisha akaanza kumnyofoa kwa vidole ile sufi iliyokwisha kulegea, fungu dogo dogo, akiitia kwenye mfuko wa shati. Mfuko ulikuwa umeshajaa.

Kumbe! Mtu ambaye wembe wake ulikuwa ukipita chini ya koo za watu huku anasimulia vichekesho!

"Baba."

Mkono ukarudi kwapani haraka. "Nimeanza. Usinisimamie."

"Huo mkono una nini?"

"Una uzee."

"Tangu lini?"

Mzee akamwinamia mbwa. "Nilimkata mteja sikio. Kidogo tu. Mwenyewe alicheka. Siku hiyo nikafunga duka."

"Na muda wote huu unaniambia ni miguu! Miguu, baba!" Alikuwa anapiga kelele, na machozi yanamtoka, na hilo nalo lilimuudhi. "Kwa nini hukusema?"

"Ungenifanya mgonjwa."

Dobi alikuwa na jibu refu, lakini unyoya ulimwingia mdomoni. Akatema. Akaketi chini na aproni yake ya kazi, akalichukua chanuo.

"Naanzia wapi?"

"Nyuma ya masikio, huko ndiko inakofungamana. Inua kwanza manyoya ya juu. Usivute. Unavuta! Unachana mbwa au unang'oa magugu?"

"Baba, nitakuacha hapa."

"Na hatulii, unamuumiza."

"Basi mtulize wewe!"

Mzee alisita. Kisha akautoa mkono, mbele ya binti yake, akauweka shingoni mwa mbwa. Ulitetemeka na haukuacha. Mheshimiwa akadhani anapapaswa, akafumba macho, akatulia tuli.

Sufi ikaanza kutoka. Iliruka, ikatua kwenye nyusi za Dobi, kwenye kope, ndani ya sikio, na huko dukani suruali za watu zilikuwa hazijafika hata nusu. Alisonya, akachana, akasonya tena. Hakuna aliyelitaja shamba, wala kuondoka.

"Kesho tena," alisema mwishowe, akipangusa pua kwa kiwiko. "Mapema, kabla sijafungua duka. Mimi na wewe."

"Basi kesho usivute," alisema kinyozi.