Nzi kwenye Uso wa Marehemu

Jamani, leo nzi niliyemchora mwenyewe amenitoa machozi.

Bosi alitaka tangazo la dawa ya wadudu lipite juu ya kila ukurasa wa mtandao tunaotengeneza hapa Kisii mjini. Nikamchora nzi picha baada ya picha, mabawa yakisogea kidogo kidogo, nikamweka kwenye tabaka linaloelea juu ya ukurasa.
Anaruka, anazunguka, anatua.
Nilijivunia sana, sitaficha.

Asubuhi akaja mama kutoka Nyacheki. Mumewe anazikwa kesho. Mtoto wao yuko Marekani na hawezi kufika, kwa hivyo tulimwekea picha ya babake kwenye mtandao, angalau amwone.

Nikamfungulia mama ukurasa.
Nzi akatua kwenye jicho la mzee.

"Hii nzi imetoka wapi?"

Kabla sijajibu, alivua leso akaanza kupepea kioo cha kompyuta, polepole, vile mama zetu hukaa wakipepea maiti.

"Si nzi wa kweli, mama. Ni tangazo."

"Na mtoto wangu huko ameiona?"

Ninyi mnaosoma barua pepe hii, mngemjibuje?

Nikamfuta nzi. Bosi aseme atakalo.

Mama hakuacha kupepea.