Matundu Manane ya Ukumbi

Kwa miaka kumi na saba nilikata matundu ya spika, na kwa miaka kumi na saba sifa zilimwendea mume wangu. Yeye alipokea wateja mlangoni, penseli sikioni. Mimi nilikuwa nyuma, nimeinamia mashine, vumbi la mbao limenijaa kwenye kope. Mtu akiuliza yule mama ni nani, alijibiwa kuwa ni mke, anasaidia kufagia.

Sikusoma, na nambari za tepu hazikuwahi kunikaa kichwani. Kwa hiyo nilijitengenezea kijiti changu, ubao mwembamba wenye urefu wa mkono. Mwisho mmoja unafungwa mashine inayozungusha kisu kwa umeme, kwingine kote nimetoboa vitundu. Unapitisha msumari kwenye kitundu, unaupigilia katikati ya ubao unaokatwa, kisha unaizungusha mashine kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Duara linatoka safi kama mdomo wa kikombe. Kila spika ina vitundu vyake viwili. Chenye alama ya moto ni cha duara pana, la kuchimba juu juu tu, ipatikane ngazi ya kukalia ukingo wa spika. Cha jirani yake, cha duara dogo zaidi, ndicho cha kukata mpaka ng'ambo.

Mume wangu hakuwahi kuuliza. Alipooa msichana wa duka la rangi, alinitoa na nguo zangu, kijiti akabaki nacho. Alisema karakana ni ya mafundi.

Miezi mitatu haikuisha, wifi yangu akanijia chumbani nilikopanga. Aliketi juu ya ndoo, akaanza kwa mbali, akiulizia maumivu ya magoti yangu. Nikamwambia aseme alichotumwa. Ndipo akaeleza kwamba kaka yake amekata maboksi manane ya ukumbi mpya kwa siku moja, na kila spika wanayoitia inatumbukia ndani. Ukumbi unafunguliwa keshokutwa. Mwenye ukumbi amekaa karakanani na amesema haondoki.

"Kaka anaomba umweleze kile kijiti tu, wifi. Maneno mawili."

"Mfagiaji hana maneno," nilimjibu. "Ana mikono. Akiitaka, anisubiri pale pale, mbele ya mteja wake."

Sikwenda kwa huruma. Nilitaka kitu kimoja tu, mtu wa nje aone kwa macho yake kazi ile inatoka mikononi mwa nani.

Mume wangu alikuwa amesimama kando ya meza yangu, akanisalimia kama mgeni wa serikali. Nilipoliona tundu la kwanza nilicheka, Mungu anisamehe. Alitumia kitundu chenye alama ya moto kukata mpaka ng'ambo, tena mara nane, bila kujaribisha spika hata moja. Haraka ya mwenye sifa hiyo.

"Ndiyo yameharibika yote?" mwenye ukumbi alimuuliza yeye. Yeye akanitazama mimi.

"Hayajaharibika," nilisema. "Migongo ya maboksi bado iko wazi. Nitakata pete nane za mbao, tuzibane kwa ndani na gundi na skrubu, spika zikalie hapo."

Nikawasha mashine. Pete huanzwa na duara la nje, la ndani linafuata. Ukitanguliza la ndani, kitovu kinadondoka na msumari wako, huna tena pa kuzungukia. Hilo nalo nilijifunza peke yangu, kwa mbao nilizoharibu na matusi niliyokula. Mume wangu alishika ubao nilipomwambia ashike, akaachia nilipomwambia aachie. Safari hii vumbi lilijaa kwenye kope zake.

Spika ya nane ilipokaa, mwenye ukumbi aliisukuma kwa kiganja. Haikutikisika. Akauliza siku nyingine akiwa na kazi amtafute nani. Mume wangu akafungua kinywa.

"Nitafute mimi," nilisema, nikamwelekeza ninapokaa. "Huyu bwana ni wa kupokea wateja."

Nilifungua skrubu mbili, nikakitoa kijiti changu kwenye mashine, nikakitia kwapani. Hakunizuia. Nilipofika nje nikakumbuka jambo, nikarudi kumwonyesha ufagio ulipo. Uko nyuma ya mlango, pale pale nilipouacha.