Mahameli Iliyolala Juu Chini

Karakana nzima ya makochi ilimwita Mama Sponji, na jina hilo lilimkera mpaka mifupani. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mkataji wa vitambaa. Kisha akaajiriwa kijana mwenye cheti chenye muhuri, wakambatiza Diploma, na mama wa watu akasukumiwa nyuma kujaza sponji. Siku hizi karatasi inaaminiwa kuliko mkono.

Asubuhi moja mteja alirudisha kochi la mahameli ya kijani. Nusu ya mgongo wake ilionekana nyeusi, kama iliyolowa.

"Kiwanda kimetuchanganyia rangi," alisema Diploma.

"Au Mama Sponji kalimwagia chai," mpiga misumari akatania. Watu wakaangua kicheko.

Msimamizi hakucheka. "Mama, kama ni wewe, leo ndiyo mwisho wako hapa."

Mama akafuta mikono, akafumba macho, akaupapasa mgongo wa kochi taratibu.

Bibi yake aliyemlea alikuwa mhamiaji. Aliingia mjini na furushi moja, hajui hata kuomba maji kwa lugha ya wenyeji. Kwa kuwa hakuwa na maneno ya kumuuliza mtu, alinunua nguo kuukuu, akazifumua na kuzipapasa mpaka zikamfundisha ushonaji. Jioni alimkalisha mjukuu kitandani na kumfunga macho kwa kilemba chake, kisha akampa kipande cha mahameli akipapase.

"Haya, manyoya yanalalia wapi? Ukikosea tunaanza upya. Mimi sina haraka, sina pa kwenda."

Mama akafumbua macho. "Nusu hii imekatwa juu chini; manyoya yake yamelalia kinyume na ya ile nyingine."

"Kompyuta ndiyo iliyopanga," Diploma akajitetea, "ili kitambaa kisipotee."

Mama aliokota kipande cha mabaki ya mahameli ile ile, akakiweka juu ya ule weusi: kikang'aa. Akakigeuza miguu juu: kikafifia, kikawa rangi moja na mgongo.

Mpiga misumari akasogea kutazama.

"Haya yameandikwa kitabu gani?" aliuliza msimamizi.

"Bibi hakujua kusoma, bosi," alijibu, kichwa juu. "Lakini kunisomesha alinisomesha."

"Basi rudi kwenye meza yako ukate."

Diploma alikuwa ameshaanza kukusanya rula zake, macho chini. Mama akamshika bega.

"Unakwenda wapi, mwanangu? Ziweke hapo. Mgongo huu tunaukata upya sasa hivi, na atakayeukata ni wewe. Mimi nitasimama hapa kukugombeza."