Anza na Jigi la Maziwa

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine nyingi, mwanangu uliyekuja kujifunza filimbi, ni ile ambayo michi miwili iligongana juu ya kinu kimoja kwa sababu ya filimbi yangu. Ilikuwa hapa hapa Mlali, uani kwa akina Zena, na mimi nilikuwa kijana anayechechemea na kujiona fundi.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, usije ukapotea.

Mwaka huo nilikuwa nimevunjika mguu. Niliteleza shambani kwenye matuta ya mlimani, mvua ikinyesha, nikabebwa kwa machela mpaka zahanati ya misheni iliyoko juu, njia ya kwenda Mgeta. Muuguzi wa pale alikuwa mtawa kutoka Ireland, Sista Nora, mwanamke mrefu mwenye mikono mipana kama ya mkulima. Sisi ni Waislamu, lakini hakuna aliyeuliza mguu una dini gani. Alinifunga plasta, akanilaza karibu na dirisha. Aliponiona nimenuna kutwa nzima, akaniletea filimbi ya bati yenye matundu sita.

"Omari," akasema, "mguu utapona wenyewe. Wewe shughulika na hii."

Kitandani pale ndipo nilipojifunza majigi. Jigi ni muziki wa kuchezea wa kwao, unakwenda mapigo matatu matatu, la kwanza zito na mawili yanalifuata. Kila jigi lina jina lake la huko, ambalo ulimi wangu ulilikataa, na sitakudanganya kwamba nalijua. Tuliyapa majina yetu, mimi na Sista. Moja tuliliita la Maziwa, kwa kuwa bibi yake alikuwa akiliimba huku akisukasuka maziwa kupata siagi. Lingine tuliliita Kona za Mgeta, maana linapinda na kupinda kama ile barabara, unadhani umefika, kumbe bado. Lingine tukaliita Mbuzi wa Mteremko. Hilo lilikuwa na mbio na kurukaruka, vidole havipumziki, na ukilipiga vizuri wagonjwa wanainua vichwa kwenye mito kukutazama. Basi nikalipenda hilo. La Maziwa niliona ni la kubembelezea watoto, nikalijua na kuliweka kando.

Mguu ukapona, nikarudi nyumbani na filimbi mfukoni. Na nilikuwa nampenda Zena tangu kabla sijaanguka.

Kwetu Waluguru, mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Ukitaka kuoa, neno zito linatoka kwa mjomba. Mjomba wa Zena alikuwa Mzee Salehe, mkulima wa maharage, mtu ambaye angeweza kukaa na wewe asubuhi nzima asiseme kitu na akaondoka ameridhika na mazungumzo. Nilipomtuma mshenga, jibu lililorudi lilikuwa hili: "Mwambieni nimemsikia akipuliza. Mpwa wangu ataolewa na mtu anayejua kufanya kazi na wenzake." Hakusema hapana. Hakusema ndiyo pia. Mshenga wangu alikuna kichwa, akaniambia nisubiri, na mimi sikuwa mtu wa kusubiri.

Wiki hiyo hiyo dada yake Zena alikuwa anaolewa. Mashine ya kukoboa ilikuwa mbali wakati huo, kwa hiyo mahindi ya kulisha wageni yalitwangwa nyumbani. Wewe umezoea kuona mtu mmoja kwenye kinu. Kazi ikiwa kubwa wanasimama watatu, kinu kimoja, kila mmoja na mchi wake. Wa kwanza akishusha, wa pili anashusha, wa tatu anashusha, halafu wa kwanza tena, bila kusimama. Hakuna anayehesabu. Wanasikilizana tu.

Siku hiyo wa kwanza alikuwa Bibi Mwantumu, bibi yake Zena, mzee lakini mabega yake bado ya kazi. Wa pili alikuwa shangazi mtu. Wa tatu Zena. Mzee Salehe alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya ukuta, anapukuchua mahindi.

"Haya, mpiga filimbi," Bibi Mwantumu akaniita. "Nyimbo zetu tumeziimba mpaka zimetukauka kooni. Tusaidie."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Piga basi, usije ukatusalimia mpaka mahindi yaote humu kinuni."

Nikaona hii ndiyo nafasi yangu. Mjomba yuko pale, Zena yuko pale. Nikatoa filimbi, nikapiga Mbuzi wa Mteremko.

Mwanzoni walicheka, wakakaza mwendo kunifuata. Nikafurahi, nikazidisha. Watoto wakaja kutazama vidole vyangu, nami nikafumba macho ili wajue kwamba sihitaji kuvitazama. Ndipo nikasikia mti umegonga mti. Mchi wa Zena ulikuwa umeshukia juu ya mchi wa shangazi yake, kinu kikayumba, mahindi yakamwagika vumbini. Zena akashika kifundo cha mkono wake, akakikunja na kukikunjua.

"Mwacheni," shangazi akasema, "alikuwa anaita kuku. Tazameni, wamekuja wote."

Kweli walikuja wote. Watu wakacheka, ila Bibi Mwantumu hakucheka. Aliegemea mchi wake, akaniangalia kwa utulivu.

"Unakimbilia wapi, Omari?"

"Nilitaka kuwachangamsha, bibi."

"Mimi umenichangamsha. Mimi ndiye wa kwanza, nikisikia nashusha. Huyu wa pili ananitazama mimi, anawahi. Sasa huyu wa tatu umemwachia nafasi gani? Anashusha mahali ambapo wenzake bado hawajaondoka. Ukikimbia, anayeumia ni yeye." Akajifuta jasho kwa upindo wa khanga. "Filimbi yako nzuri. Lakini unapiga kama mtu ambaye uani hapa yuko peke yake."

Nilitamani mguu uvunjike tena nipate sababu ya kubebwa. Mzee Salehe hakuinua uso kutoka kwenye magunzi yake. Alisema tu, kama anayejisemea, "Kesho baada ya sala ya Ijumaa watatwanga tena."

Nikaelewa. Nilikuwa nimepewa kesho, basi. Baada ya hapo sidhani kama kungekuwa na siku nyingine.

Mchana ule ule nikapanda kwenda zahanati, mguu ukiniuma kila penye mwinuko. Sista Nora alikuwa anakunja bandeji zilizofuliwa. Nikamweleza yote.

"Ulipiga lipi?"

"La Mbuzi."

Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa juu ya bandeji zake. "Hata kwetu," akasema, "likipigwa hilo, wachezaji wengi wanakwenda kutafuta chai. Ni tamu kwa anayepiga."

Halafu akainuka, akasogeza benchi la wagonjwa ukutani, akainua kanzu yake kidogo tu, viatu vyeusi vikaonekana. "Piga la Maziwa. Nitazame miguu, usitazame vidole."

Nikapiga, naye akacheza kwenye sakafu ile ya saruji, mikono imetulia ubavuni, miguu ndiyo inayosema. Kila nilipokimbia alisimama hapo hapo na mguu mmoja hewani kama korongo. "Sina pa kukanyaga," ananiambia. Naanza upya. Anasimama tena. "Sina pa kukanyaga, Omari." Wagonjwa walikuwa wanakohoa kwa kicheko. Mama mmoja mwenye homa akasema afadhali alazwe wiki nzima kuliko kukosa mambo haya. Mpaka jua linaanza kujificha nyuma ya mlima, Sista alikuwa anacheza bila kusimama, na mimi nilikuwa nimesahau kwamba nina vidole.

Ijumaa baada ya sala nilikwenda uani kwa akina Zena. Sikutoa filimbi. Nilitafuta mahali pa kukaa ambapo ningeiona mikono ya Zena, nikakaa, nikawaacha watwange.

"Leo umeiacha nyumbani?" shangazi akauliza. "Kuku wamekuja bure."

Nilisikiliza. Bibi Mwantumu alikuwa anashusha kwa uzito, na ule uzito ulikuwa ndio pigo la kwanza la jigi. Shangazi alikuwa mwepesi, anagusa na kuondoka. Zena alichelewa kidogo, kidogo sana, kwa sababu ya mkono uliomuuma jana. Basi nikaingia na la Maziwa chinichini, na kila nilipofika kwenye pigo la tatu nililivuta hadi mchi wake uguse chini, ndipo nikaendelea.

Hawakucheka wala hawakunitazama. Michi ikaenda, na baada ya muda sikuweza kujua kama mimi nafuata michi au michi inanifuata mimi. Bibi Mwantumu akaanza kutia maneno yake kwenye ule mwimbo wa maziwa ya Ireland, maneno ya Kiluguru kuhusu mkwe mvivu, na wanawake waliokuwa wakipepeta wakaitikia. Kinu kikajazwa, kikamwagwa kwenye ungo, kikajazwa tena. Nimefurahi mara nyingi maishani mwangu, mwanangu. Lakini kifua changu hakijawahi kujaa kama siku ile, na hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa ananiangalia.

Ila mmoja. Mzee Salehe aliweka gunzi chini, akaja, akaingiza mkono kinuni, akachota mahindi. Akapuliza pumba, akayatazama kiganjani.

"Yamekoboka," akasema.

Akarudi kwenye kigoda chake, akakaa. Kisha, bila kunigeukia: "Mwambie mshenga wako aje Jumapili. Awahi, mimi nina shamba."

Sisemi kwamba filimbi ndiyo iliyonioza. Mjomba mwenyewe aliniambia miaka mingi baadaye kwamba alikuwa anataka kuona kama ningerudi. Lakini nilirudi na filimbi, kwa hiyo nayo naipa sehemu yake.

Zena alikaa nami maisha yote, na masika yaliyopita Mungu alimchukua. Mazishini hatukupiga filimbi, si desturi yetu. Alisomewa, akaombewa dua, na arobaini yake ikapita vivyo hivyo kwa utulivu. Mimi sikuigusa filimbi siku hizo zote. Niliiona pale juu ya kabati, nikaiacha.

Halafu akaja Rukia, mjukuu wangu anayesoma Mzumbe. Alikuwa amenunua filimbi yake mjini, duka la Mhindi, na kwenye simu alikuwa amemkuta kijana wa Ireland anayepiga kwa kasi ya ajabu. "Babu, nataka hili," akasema. "Lakini wewe niambie, nianze na lipi?"

Nikamsikiliza yule kijana. Anapiga vizuri kuliko mimi, na nikamwambia Rukia hivyo.

Siku hiyo binti zangu wawili walikuwa uani wanatwanga mahindi ya makande, kwa sababu mimi makande ya mashine siyapendi. Walikuwa wawili. Mchi wa mama yao ulikuwa umeegemezwa ukutani, hakuna aliyeuondoa. Nikachukua filimbi juu ya kabati, nikatoka nje, nikapiga la Maziwa. Pigo la kwanza likapata mchi, la pili likapata mchi. La tatu nililiacha kimya. Sikupanga kufanya hivyo. Pumzi tu haikutoka.

Nikaenda hivyo mzunguko baada ya mzunguko, na binti zangu wakainamisha vichwa, wakaendelea kutwanga. Rukia alisimama akisikiliza. Mwisho akaweka simu dirishani, akauchukua ule mchi wa bibi yake, akatafuta nafasi. Mara ya kwanza akachelewa, akagonga ukingo. Akajaribu tena.

"Polepole, baba," mama yake akaniambia. "Huyu ana mikono ya kalamu."

Nikapunguza. Mchi ukashuka mahali pake, na pumzi yangu ikarudi nikalipiga lile la tatu. Nakwambia ukweli, machozi yalinitoka, na bado nilijivuna. Nilijivuna kwa ajili yake, na kwa ajili ya mwenye mchi.

Basi mwanangu, nawe kwa kuwa umeniuliza uanze na lipi, nakujibu kama nilivyomjibu yeye. Anza na jigi la Maziwa, hata likionekana la kitoto. Kaa nalo mpaka mtu aweze kufanya kazi au kucheza unapolipiga, bila kukuambia hana pa kukanyaga. Kisha jifunze Kona za Mgeta, likufundishe kwamba kudhani umefika si kufika. La Mbuzi nalo usiliache, ni tamu. Hata leo silifichi, hapa Mlali hakuna anayelipiga kama mimi. Lakini lipige ukiwa umeshajua ya kwanza. Na popote utakapopiga, au utakapofanya kazi yoyote ya watu wengi, mtafute kwa macho yule wa tatu, ambaye zamu yake ni ya mwisho na nafasi yake ni ndogo. Mwendo wako uupime kwake.

Mungu akupe pumzi ndefu na vidole vyepesi. Akuweke penye kinu chenye watu. Na siku utakapobaki na nafasi iliyo wazi, kama mimi, amlete mtu wa kuushika mchi.