Jina la Kisiwa

Mwanangu, nnaikumbuka asubuhi moja Matrah, kando ya Maskati. Binti yangu wa kwanza alikuwa na siku sita na hana jina. Kesho yake ndiyo akika, siku ya kumchinjia na kumpa jina. Mbuzi keshafungwa uani, halwa imeshaagizwa, na mimi bado napanga majina kichwani na kuyapangua. Ndivyo nilivyokuwa, hata pazia nikilitundika nalitundua nianze upya.

Nyumba nzima ikijua mama mkwe, Bi Salma, anangojea somo yake, mjukuu wa kubeba jina lake. Nami moyo wangu uko kwengine. Mkunga aliyenizalisha alikuwa mwanamke wa Uskoti, akiitwa Aila. Nilimuuliza maana yake, akaniambia ni kisiwa, na kwao wasichana wengi hupewa. Jina jepesi, halimshindi Mwarabu wala Mswahili. Lakini lililonishika ni ile maana. Unguja tulikuwa tumeondoka juzi tu, na nikilitamka peke yangu jikoni machozi yananitoka.

Bi Salma akanikuta hivyo, mtoto nimemlaza kando yangu. "Unamlilia nani, na mtoto mzima kalala?"

Nikamwambia yote, macho chini. Niliogopa ataona nimemdharau.

Akamfunika mtoto miguu. "Jina lenyewe zuri," akasema. "Ila wewe unataka kumbebesha msiba. Kila ukimwita utalia. Yeye atacheka lini?"

"Basi tumwite jina lako, mama."

"Utamwitaje, na wewe jina langu hujapata kulitaja kwa haya? Utamwita 'we mtoto' mpaka aolewe." Akacheka hata mtoto akaamka. "Mwite Aila. Akikuuliza maana, mwambie kisiwa ni pahala watu hufikia, wakapokewa. Usimwanzie na kuondoka. Somo yangu n'tamngojea kwa wa pili."

Alimpata kwa binti yangu wa pili, na huyo mpaka leo namwita Bibi, maana jina la mama mkwe bado naona haya kulitaja.

Nnakuona nawe, mwanangu, na tumbo lako na majina unayoyachagua na kuyakataa. Usitafute lisilo na kasoro, halipo. Chagua utakaloweza kuliita kwa furaha hata siku umechoka. Na lililo moyoni waambie wakubwa zako kabla hujaanza kuwaogopa, huenda wao wanangoja kuambiwa tu. Mungu akujaalie ujifungue salama, na kila utakapomwita mwanao, aitike akicheka.