Gugu Lililoondoka Lenyewe

Gari lilisimama mahali ambapo hapakuwa na kitu isipokuwa kichuguu kirefu kuliko mtu. Dereva akazima injini bila kuulizwa.

"Hii ndiyo posta yetu," alisema mwanamke wa kiti cha mbele, akishuka. "Ukitaka kuongea na ulimwengu, unapanda. Ukishashuka, hesabu umekufa."

Msafiri aliyebanwa nyuma kati ya ndoo na fremu za mbao alicheka, akashuka kunyoosha miguu. Alikuwa mtu wa kutangatanga, mwandishi wa habari za watu na kazi zao, na aliomba siku sita katika kituo hiki cha utafiti asichokijua hata kwa picha. Mwanamke huyo, mwenyeji wake, daktari wa mimea ambaye bonde zima lilimwita Bibi Magugu, alikwisha kupanda kichuguu, viatu mkononi, simu ikipaza sauti.

"Shemeji, tumefika. Kesho nahesabu, namba utaipata jioni."

"Namba si tunaijua? Andika sifuri tulale."

"Wewe na uvivu wako! Niache nihesabu."

"Haya, hesabu. Ila Alhamisi usijisumbue kuja. Kazi yako majani, kazi yangu maneno."

Alishuka akitabasamu. Shemeji huyo, mdogo wa marehemu mumewe, alifundishwa na Bibi Magugu mwenyewe kutofautisha nyasi na ndago, enzi zile kijana hana hata daftari. Leo alikuwa mkurugenzi wa hifadhi, na Alhamisi angesimama mbele ya kamati ya wizara na grafu ya Bibi Magugu ukutani. Mstari wa grafu ile ulishuka kama ngazi: mwaka wa kwanza mimea arobaini na saba ya gugu katika kila fremu iliyolazwa chini kuhesabia, kisha thelathini, kumi na moja, miwili, sifuri. Miaka kumi na moja ya kazi, na maana yake ilitosha kwenye kiganja: weka uzio ng'ombe wasipite, nyasi zitarefuka, zitalinyima gugu jua, nalo litaondoka lenyewe. Kamati ikikubali, vikundi vya wang'oaji katika hifadhi nzima vingevunjwa, uzio uchukue nafasi yao.

Gugu lenyewe ni gugu karoti. Majani yake utadhani ya karoti kweli, vimaua vyeupe kama chumvi ya mawe. Mmea mmoja humwaga mbegu kwa maelfu. Ng'ombe akilila, maziwa huwa machungu. Mtu akilishika kila mara, mikono humwasha, huvimba, hupasuka. Hilo la mikono Bibi Magugu aliliandika katika kitabu chake mwenyewe, ukurasa wa tisa.

Alianza na magugu akiwa mdogo, akipalilia nyuma ya mama yake. "Mama, hili linaitwaje?" "Halina jina. Ling'oe." Jibu lile lilimkaa kooni mpaka chuo kikuu. Aliporudi na shahada ya tatu, shangazi yake alimpokea mbele ya wageni: "Mwenzako kasoma udaktari wa watu. Wewe miaka minane, umekuwa daktari wa chakula cha mbuzi!" Alicheka nao, akala, akarudi kwenye majani yake. Magoti yakaota sugu. Mumewe alikuwa akimwambia kwamba akimtafuta mke wake humtafuta chini, si juu.

Kituo kilinuka magazeti ya zamani na dawa ya nondo, kama vinavyonuka vituo vyote ambavyo watu hukausha mimea. Aliyewapokea ni mtunza kituo, Mzee Reki. Jina hilo alipewa kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila reki. Hata akizungumza aliiegemea, na vijia vyote vya kituo vilikuwa na mistari kama kichwa kilichochanwa. Miezi minne hakuwapo. Alikuwa akimuuguza dada yake mpaka akamzika, na alirudi juzi tu.

"Shikamoo, baba. Pole na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa."

Akamtolea kopo la dawa ya ngozi, kama alivyofanya kila mwaka. Mzee Reki akarudisha mikono nyuma.

"Safari hii kaa nayo. Mikono imepona."

"Afadhali! Si nilikwambia ni ile sabuni yako?"

Mzee aliinua reki. Akaenda kuchana njia iliyokwisha kuchanwa.

Asubuhi Bibi Magugu alitangulia, msafiri nyuma na fremu begani. Glavu aliziacha ndani ya begi. Viwanja vilivyo ndani ya uzio havikuwa vimehitaji glavu kwa miaka mingi. "Tunaanza na cha tatu," alisema. "Hicho ndicho kipenzi changu." Akafungua waya wa mlango.

Kiwanja kilikuwa cheupe. Maua yalimfika kiunoni.

Alipiga magoti, akalaza fremu, akahesabu kwa vidole, shina kwa shina. Hamsini na tatu. Kiwanja cha nne, arobaini na moja. Cha tano, sitini. Alitafuta mavi ya ng'ombe, hakuyaona. Aliukagua uzio nguzo kwa nguzo, ulikuwa mzima.

"Kimebadilika nini?" msafiri akauliza.

"Hakuna. Mvua ni ile ile, uzio ni ule ule, nyasi..." Akanyamaza. Alikuwa akijikuna. Akavigeuza viganja vyake juani: vilianza kuwa vyekundu.

Alimkuta Mzee Reki nyuma ya ghala.

"Baba, nionyeshe mikono."

Mzee aliilaza reki chini, akainyoosha. Ilikuwa laini, mikono ya mtu aliyekaa miezi minne kando ya kitanda cha mgonjwa.

"Tangu lini?"

"Mwaka ule wa msiba wa mumeo. Ulikuja wiki tatu baada ya mazishi, ukahesabu, halafu ukapiga magoti kiwanja cha tatu, ukalia mpaka jua likageuka. Nikasema, mtoto wa watu, hili gugu litamuua. Wiki iliyofuata nikaanza kung'oa. Mashimo nikayasawazisha na reki."

"Nilikuwa namlilia mume wangu, baba."

"Sasa mimi ningejuaje? Ulikuwa umekumbatia majani."

Angecheka, kama ingekuwa hadithi ya mtu mwingine.

"Na kuniambia je? Miaka kumi na moja!"

"Nilitaka. Kila ukishika kalamu nakuona unavyong'aa, nashindwa. Halafu mkubwa, shemeji yako, akanikuta na gunia, mwaka wa saba huu. Nikajua nimefukuzwa. Akaniambia, 'Endelea, mzee. Ila shemeji asijue, utamvunja moyo.' Kila kabla hujaja hunipigia, nampokelea kichuguuni: 'Kumeshakuwa safi?' Safari hii nilimwambia niko msibani. Akasema pole."

Bibi Magugu aliketi juu ya ndoo. Mzee yule alimkosea kwa huruma, na huruma unaweza kuifokea, lakini huwezi kuichukia. Ni ile "Andika sifuri tulale" ya jana iliyomchoma. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo nyingine alijivisha mwenyewe: kila mwaka alichota udongo wa viwanja vile safi, akautia katika mabeseni ya barazani, na kila mwaka gugu liliota humo kama ndevu. Kila mwaka aliandika pembeni, *mbegu zinasubiri*, akafungua ukurasa mwingine bila kujiuliza kwa nini viwanjani haziоti.

Alimwamsha dereva, wakaenda kichuguuni.

"Ulijua," alisema.

"Shemeji, sikiliza. Kituo kilikuwa kinafungwa mwaka ule. Grafu yako ndiyo iliyokiokoa. Na wewe mwenyewe, tangu kaka afe, ulikuwa umekwisha, kazi ile ndiyo iliyokusimamisha. Ningekwambia nini?"

"Ungeniambia gugu lipo."

"Mwaka mmoja mbaya, nani atauliza? Niachie mimi."

"Kamati itawatoa wang'oaji. Bonde lote litakuwa kama kiwanja changu cha tatu."

"Ukija Alhamisi, utajivua nguo mbele za watu."

"Nguo gani? Ulishanivua miaka saba iliyopita, nikawa natembea nadhani nimependeza."

Akakata.

Kufunga mizigo hakukuchukua muda: madaftari yote kumi na moja, na mmea mmoja wa gugu, mizizi yake ndani ya gazeti lililoloweshwa. Msafiri akauliza kama na yeye afunge begi.

"Wewe baki. Mimi nakwenda kwenye kamati. Siku zako sita unazo, gari litakufuata." Akampa fremu. "Viwanja tisa vimebaki. Mzee atakuonyesha vigingi. Hesabu kilichopo, kikiwa mia, andika mia. Ukichoka, pumzika, ila usikadirie."

Mzee Reki alisimama kando ya mlango wa gari, mikono imening'inia.

"Mwanangu, sasa ning'oe au niache?"

Alishusha kioo cha dirisha.

"Usiguse mpaka huyu amalize. Halafu ng'oa. Ng'oa yote." Akatoa glavu kwenye begi, akazipitisha dirishani. "Gugu halikuondoka lenyewe, baba. Liliondolewa na wewe, gunia kwa gunia. Katika madaftari yangu hukuwa na hata safu yako."

"Umenikasirikia?"

"Sana. Vaa glavu."

Katika kioo cha pembeni aliwaona wakiingia uzioni, msafiri akiwa amebeba fremu upande upande kama mtu aliyekabidhiwa mlango usio na nyumba. Mzee alimgeuzia fremu ikae sawa.

Kwenye kichuguu simu ilianza kulia. Jina la shemeji likawaka, likazimika, likawaka tena. Dereva, kwa mazoea, akapunguza mwendo.

"Usisimame," alisema Bibi Magugu, akikuna viganja.